Sindano za Onchari

Doha

Kwako dada yangu Kerubo,

Bwakire, Mwalimu. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Sironga, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mvua haijawaharibia barabara. Mgongo wa mama unaendeleaje? Ameacha kubeba gunia la majani chai, au bado anawaficha? Mimi sijambo. Joto limepungua huku, mtu anaweza kusimama langoni mchana bila shati kumgandia mgongoni. Najua mkono wako utatafuta kalamu nyekundu ukiona Kiswahili changu. Safari hii nakuomba usome kwanza.

Barua hii nimempa mwenzetu wa Nyamira anayerudi likizo. Sikutaka kutumia simu, kwa sababu simu yako inashikwa na kila mtoto wa nyumba hiyo, na haya ni ya macho yako.

Ni habari ya mdogo wetu Onchari. Yuko hai na anapata nafuu, kwa hivyo keti utulie.

Unakumbuka alivyokuwa mwembamba, wenzake shuleni wakimwita Fito. Basi alipoanza kunyanyua vyuma kule Kisii mjini, kabla hajaoa, sote tulifurahi. Alipokuja huku, kifua kile ndicho kilichompa kazi nzuri kuliko yangu. Mimi nililinda ghala, yeye akasimama mlango wa hoteli kwa suti nyeusi. Akashindana na watunisha misuli wengine, akapata nishani, na picha yake mama akaibandika sebuleni. Nyinyi mliona picha. Mimi ninayelala naye chumba kimoja niliona majipu mgongoni, nywele zikimtoka, na hasira ya ghafla kwa jambo dogo kama kijiko. Niliona pia sindano. Aliniambia ni vitamini, kwamba kila mwenye mwili anatumia.

Mwaka huu akaanza kuchoka. Ngazi za kufika chumbani kwetu alizipanda akipumzika katikati, mtu anayenyanyua chuma kizito kuliko mimi. Usiku alilala ameegemea mito. Nikamwambia, "Ndugu yangu, nenda ukapimwe." Akacheka, akasema ni uchovu wa zamu. Siku moja alimfungulia mgeni mlango wa gari, akaanguka papo hapo.

Nilimkuta hospitalini amefungwa nyaya kifuani. Daktari, mama mmoja mtu mzima, alimuuliza mbele yangu, "Unajidunga nini?"

"Vitamini tu."

"Nakuuliza ili nikutibu, sikuulizi ili nikushtaki."

Onchari akanitazama, kisha akatazama dari. Akasema ni steroidi, amezitumia tangu Kisii, miaka mingi. Kule aliuziwa na rafiki wa jimu, huku akaendelea na za nguvu zaidi.

Daktari alituchorea moyo kwenye karatasi. Alisema dawa zile zinanenepesha misuli ya mkono, na moyo nao ni msuli. Kuta zake zimekuwa nene na ngumu, hazisukumi damu inavyotakiwa. Presha imepanda kwa muda mrefu bila yeye kujua, na figo zimeanza kuumia. Ini litachunguzwa. Alisema wengine huanguka wakiwa vijana na hawainuki, na watu husema wamerogwa.

Halafu akamuuliza kama ana watoto. Onchari akasema hana. Daktari akaeleza polepole kwamba mwili ukiletewa homoni za kiume kutoka nje, huacha kutengeneza zake. Mbegu za mwanamume hupungua, pengine zikaisha kabisa. Alimpima, na majibu yalipotoka yalikuwa hivyo, hakuna kitu. Akiacha dawa hizo, mbegu zinaweza kurudi baada ya mwaka au miaka, na zinaweza zisirudi. Hakumwahidi.

Onchari akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo si Moraa."

Daktari akauliza, "Moraa ni nani?"

Nikajibu mimi, kwa sababu yeye alikuwa amejifunika uso. Nikasema ni mke wake.

Dada, wewe unayajua ambayo Moraa amepitia hapo nyumbani kwa mama, Kiogoro. Ameombewa na wachungaji, amenyweshwa mizizi, ameitwa mti usiozaa akiwa amesimama jikoni anawapikia hao wanaomwita hivyo. Na sasa nasikia mama amemtafutia Onchari msichana mwingine, na kuna mazungumzo ya kumrudisha Moraa kwao Nyakoe. Simlaumu mama. Anataka wajukuu, na hakuna aliyemwambia kitu kingine.

Onchari mwenyewe alimpigia Moraa simu alipotoka hospitalini. Nilitaka kutoka chumbani, akanishika mkono nikae. Alimwambia yote, sindano, moyo, na lile jambo la watoto. Moraa akauliza, "Unapumua vizuri sasa?" Akasema ndiyo. "Dawa za moyo umekula leo?" Akasema ndiyo. Ndipo nikamsikia Moraa analia. Alipomaliza akasema, "Mimi sitakwenda kwa mama yako kujitetea. Nimechoka kujitetea. Watu wako ndio waseme."

Ndiyo sababu nakuandikia. Unajua kwetu mtoto wa kiume hamwelezi mama yake mambo ya kitandani, hata kama ulimi wake ni mwepesi. Wewe ni binti yake, na mama hukusikiliza. Tafadhali nenda Kiogoro Jumapili, Sabato iwe imepita, ukamweleze. Ukiona ni zito, mchukue shangazi. Onchari amekubali nikuandikie kila kitu, na ameisoma barua hii.

Yeye sasa anakunywa dawa za moyo, na huenda ataendelea nazo maisha yake yote. Amewekwa chumba cha kamera, anafanya kazi ameketi. Mwili unapungua, na moyo wa ndani nao umeinama. Asubuhi nyingine hataki kuamka. Daktari alisema kuacha sindano zile huleta huzuni, tusimwache peke yake. Anaogopa kurudi nyumbani akiwa mwembamba. Mwisho wa mwaka nitakuja naye. Mkimwona uwanja wa ndege, msimwulize mwili umekwenda wapi.

Na wale vijana wa jimu ya Kisii mjini wanaomwita mwalimu wao, amewaandikia yeye mwenyewe waache sindano. Mmoja amemjibu kwamba anatisha watu bure. Ameandika tena.

Nisalimie shemeji, mwambie viatu vyake nimevipata. Msalimie baba, na shangazi wa Nyakoe, na wanafunzi wako wanaokusumbua. Ukifika Kiogoro, kabla hujampa mama mkono, kabla hujaketi, mtafute Moraa hata kama yuko jikoni. Msalimie yeye kwanza, kwa mikono miwili, mahali ambapo kila mtu anaona.

Ni mimi ndugu yako anayekupenda,

Ombati