Kompyuta Ishirini na Nne

Mpendae, Unguja
Jumapili, baada ya Alasiri

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mama, na kwamba lile goti sasa linakuacha ulale. Sisi huku hatujambo, Alhamdulillahi. Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu nimeijaribu mara mbili. Ukaitikia, nikakuuliza habari za kuku, nikakata. Barua nikishamkabidhi jirani yangu Ulfat, anayekuja Bwejuu kesho, sina tena namna ya kuirudisha.

Nimepata kazi Mji Mkongwe, baba. Ni skuli katika nyumba ya zamani, kuta za mawe na chokaa nene kama godoro. Wameletewa kompyuta ishirini na nne, na fundi aliyetangulia amezifunga zote kwenye njia moja ya umeme. Kila watoto wakiziwasha, ile swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja inajikata, na chumba kizima kinazima. Mwalimu mkuu, Bi Thuwaiba, mwanamke mpole lakini mwenye haraka, alinieleza kwamba watu wanasema nyumba ina wenyewe, yaani mashetani. Nikamwambia wenyewe hawana ugomvi na kompyuta. Akacheka, kisha akaniomba kwa adabu niiondoe tu hiyo swichi, maana mitihani imekaribia. Nikamwomba anipe siku chache.

Kasoro yenyewe unaijua, ila niache nijidai kidogo mbele ya aliyenifundisha. Kila kompyuta huvujisha umeme kidogo sana, na hilo ni kawaida yake. Moja haidhuru. Zikijumlika ishirini na nne kwenye swichi moja, swichi inadhani kuna mtu anaumia, inakata. Kwa hiyo nimezigawa njia nne, kompyuta sita kila njia, kila njia na swichi yake ya usalama, na waya wa ardhi nimeuvuta upya mpaka uani.

Siku nne nilikuwa peke yangu mle ndani, nikichora njia za waya ukutani kwa chaki. Madirisha ni marefu, na mwanga unatembea sakafuni polepole mpaka unasahau saa. Adhana ya adhuhuri ikitoka mtaani nilikuwa nashuka kwenye ngazi nikisikiliza watoto wanavyokwenda msikitini. Wanaporudi huingia kidogo kuzitazama kompyuta zao, wanaacha viatu mlangoni, kama kwetu sote, na bado wana maji ya udhu. Niliziona nyayo zao ndogo za maji kutoka mlangoni mpaka kwenye viti. Baba, vitabu vyote vya umeme nilivyosoma vimeandikwa kwa watu waliovaa viatu. Nilizitazama zile nyayo mpaka zikakauka.

Mchana mmoja nilipitiwa na usingizi pale pale sakafuni. Nikakuota unatembea ndani ya ukuta, umeshika taa, unagusa kila kiungo cha waya na kuniuliza nani kaunga hapa. Kila mara nilijibu kwamba ni mimi. Ulipofika kwenye kiungo cha mwisho hukuuliza. Ulikitazama tu, ukapita. Nikaamka nina chokaa shavuni, nikajua lazima nikuandikie.

Sasa nakuomba ukae kitako. Unaikumbuka ile nyumba ya wageni ya Kendwa, miaka tisa iliyopita, na chumba cha kufulia ulichokifunga umeme mwenyewe. Swichi ya usalama ilikuwa inajikata, ukanituma nikatafute kasoro. Niliitafuta toka asubuhi nisiione, na mwenye nyumba amesimama nyuma yangu akiuliza kama baba yangu hana mtoto wa kiume. Niliona haya, nikapandwa na hasira. Nikaunga waya ukapita pembeni ya swichi, nikafunga kifuniko, nikarudi kukwambia kwamba kasoro nimeipata na nimeitengeneza. Ukanisifu mbele ya mama.

Miezi mitatu baadaye Yusra, yule dada mfuaji, aliigusa mashine huku miguu imo majini. Swichi ingemwokoa mkono, lakini mimi nilishaitoa kazini. Mwenye nyumba akang'oa kila kitu kabla hujafika, akakwambia tu kwamba kazi yako imemlemaza mtu. Ukarudi ukisema macho yako yamezeeka. Ukaacha ufundi, ukahamia Bwejuu, na mpaka leo taa ikiungua unamwita jirani. Kosa halikuwa la macho yako, baba. Kazi yako ilikuwa safi. Nilijua miaka yote tisa, nikanyamaza.

Alhamisi nilikwenda Kendwa kwa Yusra nikamweleza. Alinisikiliza akichagua mchele kwa mkono wa kushoto, kwani vidole vitatu vya kulia havikunjiki. Hakunifukuza wala hakusema amenisamehe. Aliuliza kitu kimoja, kama wewe unajua. Niliposema hujui, aliniambia kwamba kila Idi unafunga safari mpaka kwake kumwomba radhi. Sikuwa na habari. Nililia njia nzima mpaka Mpendae.

Bi Thuwaiba nimeshamjibu kwamba swichi hazitolewi, na kwa nini. Kazi imekwisha na vipimo vyote vimekubali, lakini nimemwomba asiwashe mpaka fundi mwengine aikague. Aliuliza nani, nikakutaja wewe. Kama hutaki kuniona nitaelewa. Njoo siku ambayo mimi sipo, funguo ziko kwake.

Mpe mama salamu zangu nyingi, na umsomee barua hii yote bila kuruka kitu. Majirani wote nisalimie. Na Idi hii usiende Kendwa, baba. Nitakwenda mimi.

Mwanao aliyekukosea,
Khawla