Aliyetema Nyuma ya Kanisa

Mama Elfreda, nakusalimu katika jina la Bwana, na nakuomba uninusuru kabla sijaharibu zaidi ya nilivyokwisha kuharibu. Gazeti lako hutufikia huku visiwani Marovo na boti ya mizigo, likiwa limechelewa siku tano, na watu wa kwetu hugombania ukurasa wako kabla hata ya kutazama habari za Bunge, kwa hiyo tafadhali usinitaje. Mume wangu nitamwita Neldon na binti wa watu nitamwita Jilvina, siyo majina yao.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mmoja, Msabato wa kuzaliwa, na huu ni mwaka wa tisa nikiwa mkuu wa mashemasi wa kike, ndimi ninayeshika ufunguo wa kanisa, ninayefua vitambaa vya Meza ya Bwana na kupanga mabeseni ya huduma ya unyenyekevu, na mume wangu ni mzee wa kanisa wa kwanza. Kijiji chetu chote ni Wasabato, hatuli nguruwe, hatuvuti, hatunywi, na popoo, zile kokwa zinazotia mate na meno wekundu, hatutafuni, hata mti wake hakuna anayeupanda. Lakini mimi natafuna, Mama Elfreda. Nilianza mwaka nilipomuuguza mama yangu hospitali, nikapewa na mgonjwa wa kitanda cha pili ili nisisinzie, na tangu hapo ni miaka sita. Shamba langu la muhogo liko ng'ambo ya maji, napiga kafi peke yangu kwenda na kurudi, na huko kuna wanawake wa kanisa lingine ambao hunipa popoo na majani ya tambuu nami huwapa viazi vitamu, na chokaa yangu ya kutafunia naificha kwenye kichupa chini ya jiwe. Nikimaliza nasugua meno kwa mkaa na ndimu mpaka fizi zinawaka, ndipo narudi nyumbani.

Usidhani sijapambana. Kila Ijumaa kabla jua halijazama natubu, nimekwisha kutupa kile kichupa baharini sijui mara ngapi, nikalia, nikafunga, nikaahidi, Sabato yote naimba nikiwa mwepesi kabisa, Jumapili nashinda, Jumatatu nashika kafi na kabla sijafika ng'ambo mate yameshanijaa mdomoni. Nikisimama kuwafundisha akina mama habari za mwili kuwa hekalu naogopa hata kucheka kwa sauti.

Sasa sikiliza lililonikuta. Ijumaa moja, yapata miezi mitatu na nusu iliyopita, nilitoka shamba na maua ya kupamba kanisa, na kwa kuwa nilijua niko peke yangu nilikuwa bado na donge la popoo shavuni, mara nikamsikia Jilvina anakuja anaimba, amekuja kunisaidia kufagia, nikakimbia nyuma ya kanisa nikatema pale pale kwenye mawe yaliyopakwa rangi nyeupe, nikasukutua kwenye tangi la maji ya mvua, nikaingia ndani na ufagio. Huyu Jilvina ana miaka ishirini na minne, alifanya kazi kiwanda cha samaki huko Noro na alikuwa akitafuna sana, lakini alirudi nyumbani, akaacha, akabatizwa mwaka juzi, akapewa darasa la watoto wa Shule ya Sabato, na watoto wanampenda kuliko walimu wote tuliowahi kuwa nao. Meno yake bado yana ule wekundu wa zamani. Basi Neldon akaja kuangalia kama tumemaliza, akazunguka nyuma, akakuta mate mekundu hayajakauka.

Baraza la kanisa likakaa Jumapili. Neldon akamuuliza Jilvina, "Mlikuwa wangapi pale?"

Jilvina akasema, "Wawili, mimi na Mama."

Mzee mmoja akadakia, "Kwa hiyo unataka tumfungue Mama mdomo tumkague?"

Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Sikusema uongo, Mama Elfreda, Mungu ananiona, hakuna aliyeniuliza, nilinyamaza tu. Jilvina akawekwa chini ya karipio, Neldon akalisoma mbele ya kanisa nami nimekaa benchi ya mbele, akanyang'anywa darasa, akatolewa kwaya.

Wiki tatu baadaye ikawa Meza ya Bwana. Unajua kwetu kabla ya mkate wanawake huenda upande wao wakaoshana miguu wawili wawili, na siku hiyo hakuna aliyetaka kuwa na Jilvina, alikaa kwenye benchi mpaka wote wakapata wenzao, ndipo akachukua beseni akanijia mimi niliyekuwa nagawa taulo. "Mama, naomba nikuoshe." Ningekataaje? Nikavua viatu. Jana yake nilikuwa nimetafuna nikichimba muhogo, jua likanikimbiza, nikaoga haraka haraka, na pale katikati ya vidole vya mguu wa kulia palikuwa na tone limekauka, jekundu. Akaliona. Akanitazama usoni, akalitazama tena, kisha akaweka kidole gumba chake akalisugua taratibu mpaka likatoka, akanifuta. Akasema, "Shamba limekuchosha, Mama." Basi. Hajamwambia mtu mpaka leo.

Karipio lake lilikuwa liishe kama angeungama, lakini hataki kuungama, anasema hakutema. Wazee wanasema ana shingo ngumu. Jumapili inayofuata Meza ya Bwana ijayo, mkutano wa kanisa utapiga kura jina lake lifutwe kabisa. Juzi Neldon akaniambia, "Mke wangu, wewe anakuheshimu, kamwambie aungame yaishe, hatutaki kumpoteza mtoto wa watu." Nikaenda. Nikamkuta anapara samaki nje ya jiko la mama yake. Nikamwambia, "Mwanangu, sema tu yaishe."

Akasema, "Niseme nilitema?"

"Ndiyo. Watakusamehe siku hiyo hiyo, na darasa watakurudishia."

Akaweka kisu chini. "Wewe ukiniambia niseme, nitasema, Mama. Ila uniambie huku unaniangalia."

Sikuweza. Nikasema nimesahau chungu motoni, nikaondoka, nikashuka pwani, nikapiga kafi mpaka ng'ambo nikatafuna mbili mfululizo.

Naomba unishauri nifanye nini ili hamu hii iniondoke, kwa maana natamani kuishi maisha matakatifu na nimechoka kuanguka. Je, kuna dawa? Je, nifunge siku saba? Au nijiuzulu ushemasi kimya kimya kwa kisingizio cha magoti? Meza ya Bwana ni Sabato ya wiki ijayo na mabeseni ni mimi ninayeyapanga.

Ni mimi dada yako, Mshika Ufunguo, Marovo.

*

Dada Mshika Ufunguo,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama, maana ya kwanza iliniinua kitini. Nakuonea huruma, na pia ningekuwa karibu ningekuvuta sikio.

Kwanza nikuweke sawa kuhusu mimi, usije ukadhani unaongea na malaika. Mimi ni mtu wa kisiwa cha Malaita, Mwanglikana, na ninapoandika haya shavu langu limejaa. Kwetu hakuna anayenitoa kwaya kwa ajili ya popoo, mwenye ugomvi na mimi ni nesi wa meno tu. Lakini sikwambii kwamba kwako si kitu. Wewe uliweka ahadi mbele ya watu, na miaka sita umekuwa ukiwafundisha wenzako kushika kile ambacho wewe mwenyewe hukishiki. Hiyo inauma, naona inavyokuuma, na machozi yako ya Ijumaa siyachekei.

Ila hebu ichukue barua yako uisome tena. Mkaa na ndimu umenieleza. Kichupa chini ya jiwe umenieleza, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili. Halafu mwisho kabisa unaniuliza swali moja: hamu hii itaniondokaje? Jilvina umemweka katikati, ukamfunika kwa maswali ya kufunga siku saba. Hukuniuliza hata mara moja atarudishiwaje jina lake. Mwenzangu, unahangaika na meno wakati kuna mtu umemkalia kifuani.

Na hili la "sikusema uongo, nilinyamaza tu" usiliandike tena popote. Ulicheka. Walipomcheka, nawe ulicheka. Kisha ukaenda nyumbani kwao kumwomba akubebee kwa mdomo wake kile ambacho tayari amekibeba mgongoni miezi mitatu na nusu. Unatamani kuuona utakatifu? Utakatifu huo ulikuwa umepiga magoti mbele yako na beseni, nawe ukaupa mguu, ukavaa kiatu ukaondoka.

Nitajibu swali lako dogo upesi ili lisikupe kisingizio. Popoo bila chokaa haina ladha ya kumvusha mtu ng'ambo, kwa hiyo kichupa usikitupe mwenyewe, mpe mtu mwingine akitupe huku unaona. Shamba usiende peke yako tena, tafuta mwenzio wa kafi, na umwambie kwa nini unamtaka. Wale wanawake waambie umeacha, wasikupe hata ukiomba. Utaanguka tena, pengine mara tatu, pengine kumi. Siku ukianguka sema siku hiyo hiyo, usingoje Ijumaa. Kilichokulea katika hili miaka sita ni siri, na siri yako ikiisha nusu ya kazi imekwisha. Nusu iliyobaki ni mate kujaa mdomoni, na hayo hayajamwua mtu.

Sasa swali kubwa. Kujiuzulu kwa ajili ya magoti, hapana! Magoti yako ni mazima, yanafika ng'ambo na kurudi.

Anza na mumeo. Mwambie mchana, akiwa ameketi, na usimtangulizie chakula kizuri. Atakasirika, na ana haki, kwa kuwa ni yeye aliyesimama mbele ya kanisa akasoma lile karipio, na wewe ulikuwa umekaa benchi ya mbele unamsikiliza. Huenda naye akataka mlimalize ndani ya nyumba, amwondolee Jilvina karipio kimya kimya ili heshima yenu ibaki. Usikubali. Binti alivuliwa nguo hadharani, huwezi kumvisha chumbani.

Kisha nenda kwa Jilvina, na safari hii umwangalie. Usimweleze historia ya hospitali. Usimwambie shetani alikupitia. Wala usimwombe akusamehe siku hiyo, unamwomba mzigo mwingine. Mwambie utakachosema kanisani na siku utakayosema, basi, umwache apare samaki wake.

Halafu Sabato ya Meza ya Bwana, kabla watu hawajagawanyika kwenda kuoshana, simama. Sema hivi: "Aliyetema nyuma ya kanisa ni mimi. Jilvina hakutema. Nilijua siku ile ile, nikanyamaza." Uweke ufunguo mezani, ukae. Usilie kiasi cha kuwafanya watu waache kumfikiria yeye waanze kukubembeleza wewe. Watanong'ona juu yako, wengine watafurahi kabisa, na yule mzee aliyefanya mzaha wa kukufungua mdomo atatafuta pa kutazama. Darasa la watoto wamrudishie Sabato hiyo hiyo, hilo usiombe, lidai.

Jibu hili nakutumia leo kwa ile namba ya simu uliyoniandikia nyuma ya bahasha. Gazetini nitalitoa baada ya Sabato hiyo, kwa sababu umenieleza mambo ambayo kijiji chenu chote kitayatambua kabla hakijamaliza mstari wa tatu, na nataka walisikie kwako, si kwangu. Lakini nitalitoa.

Jambo la mwisho, nalo ndilo ninaloogopa utalikosea. Ukishasema, moyo utakutuma uchukue beseni umkimbilie Jilvina, umwoshe miguu mbele ya akina mama wote. Usithubutu. Hawezi kukukatalia mbele ya watu, na utakuwa umemtumia tena. Mabeseni apange mtu mwingine. Wewe vua viatu ukae kwenye ile benchi aliyokaa yeye, uone inavyokuwa wanawake wanapopita wawili wawili. Pengine hakuna atakayekuja, uende nyumbani na miguu yako mikavu, na itakuwa sawa. Lakini akija yeye, mpe miguu, unyamaze. Hapo ndipo mahali pa kunyamaza.

Mama Elfreda