Suti ya Kamanda Miwani

Jumatatu, 3 Machi

Kinyozi kafungulia redio kwa nguvu tena. Yuko ng'ambo ya barabara, lakini taarifa ya habari naisikia kama imewekwa juu ya meza yangu ya kukatia. Mheshimiwa amehutubia. Wale wa msituni si wahalifu tena. Kuanzia leo ni "ndugu zetu waliopotea njia". Wanakuja mjini kutia saini ya amani, na sisi tunaombwa kuwapokea kwa tabasamu.

Kinyozi alitoka nje na mashine mkononi, mteja kamwacha kwenye kiti na nusu ya kichwa. "Fundi, umesikia? Wamepotea njia! Miaka minne wanaijua njia ya kila duka la mji huu, leo ndiyo wamepotea!"

Nilicheka. Halafu nikaacha.

Leo ni mwaka mmoja na miezi minne tangu mke wangu apande lori la asubuhi na sare ishirini na mbili za shule. Ndugu zetu walilisimamisha njiani. Dereva alirudi kwa miguu siku ya pili. Alisema alimwona akianguka kwa risasi, zaidi ya hapo hajui, alikuwa anakimbia. Kaburi hatuna.

Mke wangu alikuwa akikata uzi kwa meno na mkasi uko mapajani mwake. Nimemkanya miaka kumi na tisa! Mkasi bado upo. Hakuna wa kuudharau.

Jumanne, 4 Machi

Kaja afisa itifaki kutoka ofisi ya Mheshimiwa. Viatu vinalia kwiki kwiki. Anataka suti moja, iwe tayari Ijumaa ya wiki ijayo. Ya nani? Ya kiongozi wa wale wa msituni, huyo wanayemwita Kamanda Miwani. Hana nguo ya kuvaa siku ya saini.

"Hatuwezi kumpiga picha na Mheshimiwa akiwa na magwanda," akasema. "Itaonekana kama Mheshimiwa ametekwa."

Sijui nguvu nilizitoa wapi. Nikamwambia haya, mleteni nimpime. Maana mtu huyo anajua mke wangu yuko wapi, na kumpima ni kusimama naye umbali wa tepu.

Afisa akaruka. Hapimwi! Yuko mafichoni! Akanipa karatasi ya vipimo vilivyoandikwa tayari. Na sharti: nikikutana naye siku yoyote, nisimwulize kitu. Hawa watu, anasema, wana mioyo miepesi. Wakikwazwa kidogo tu watarudi msituni, na amani yote itaharibika kwa sababu ya fundi cherehani.

Nikaahidi. Niliahidi upesi, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Mioyo miepesi. Wangu una uzito gani, hakuna aliyeuliza.

Alhamisi, 6 Machi

Mkutano wa wananchi ukumbini. Nilikwenda na mama mkwe, tukakaa mstari wa pili, yeye na mkoba wake mapajani kama yuko zahanati.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliuliza kama waliomchomea duka watamwomba radhi, au yeye ndiye awaombe kwa kuwapa moshi. Watu wakacheka. Mheshimiwa naye akacheka, akasema tuwe wapole, tusifukue yaliyopita.

Mama mkwe akasimama. Hakupewa kipaza sauti, na hakukihitaji. "Mheshimiwa, wengine tunataka kufukua. Tuonyesheni mahali tu. Majembe tunayo."

Vichwa vyote vikageuka. Hata feni nadhani ilisimama.

"Swali zuri sana, mama," akasema Mheshimiwa. Akachukua swali lingine.

Njiani nikakiri kwake habari ya suti. Niliogopa. Mama mkwe ni mtu wa heshima, hatujawahi kugombana, lakini hilo si jambo la kumfikishia mzazi. Akatembea hatua kama kumi.

"Bitana rangi gani?"

"Kijivu, mama."

"Weka ile nzuri, baba. Nataka avae kitu kizuri kilichoshonwa na mume wa mwanangu. Kimwashe."

Jumamosi, 8 Machi

Nimekata. Karatasi inasema kifua inchi arobaini na nane, urefu futi sita na inchi mbili. Jitu! Kidogo kitambaa kiniishie. Nikapiga bandi, ile mishono mirefu ya muda, nikaliweka koti begani, likawa kama nimevaa hema.

Mama mkwe siku hizi ndiye anayenitilia vifungo. Anatumia mkasi. Nashukuru, na nachukia kidogo.

Jumatatu, 10 Machi

Leo! Siwezi kuandika kwa utaratibu.

Walinipeleka nyumba ya wageni ya serikali, kujaribisha. Walinzi kumi, mazulia, chai kwenye birika la maua. Afisa itifaki kasimama kama bwana harusi. Nikajiandaa kuliona jitu.

Akaingia mtu mfupi. Mwembamba. Miwani imefungwa waya sikio moja. Mabega ya karani wa masjala. Nikadhani ni mpishi, nikamwomba anisogezee kiti. Akanisogezea! Afisa akanikanyaga mguu. Kumbe ndiye.

Nikamvisha koti. Likamfika magotini. Mikono ikaning'inia kama ya mtu aliyekufa kwenye kiti. Walinzi wote wakaanza kuchunguza dari.

"Fundi, umefanya nini?" afisa ananong'ona, jasho tele. Nikamwonyesha karatasi yake. Akaisoma. Akaisoma tena. Akabadilika rangi. Vipimo alivinakili kutoka kwenye lile bango la "Anatafutwa" lililobandikwa posta!

Kamanda akasema polepole, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, "Lile bango nalijua. Nimewahi kusimama chini yake nikingoja mvua ikatike."

Nilipomsimulia kinyozi ilibidi ashike nguzo ya umeme. "Miaka minne wanatafuta jitu! Huyu kanyoa hapa kwangu, naapa, alitaka nipunguze pembeni tu!" Sijui kama ni kweli. Kwa kinyozi kila mtu kanyoa kwake.

Tumecheka mpaka machozi. Halafu nikarudi ndani nikakaa. Nilikuwa naye mita moja. Nilimfunga kifungo cha shingo kwa vidole hivi. Sikumwuliza. Niliahidi, na mimi nikiahidi huwa nakaa nayo, ndiyo kasoro yangu. Sikula.

Mama mkwe hakunilaumu. Alifunika sahani tu.

Jumanne, 11 Machi

Afisa itifaki amerudi. Viatu leo havilii, nadhani kavipaka mafuta. Kesho saa nne asubuhi atamleta kamanda hapa kwangu, apimwe mwili wake mwenyewe, suti ipunguzwe papo hapo. Sharti ni lile lile: fundi haulizi.

Nikamwambia kupima ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashika tepu na kutaja, mwingine anaandika. Ni kweli, si ujanja, karibu miaka ishirini mimi na mke wangu tumefanya hivyo hapa ndani. Alikuwa akiniita Sentimita, maana hata chumvi nilikuwa naipima.

"Nani ataandika?"

"Kuna mama mmoja."

"Anafahamu masharti?"

"Ana mwandiko mzuri," nikasema.

Akaandika kwenye kijitabu chake: mwandiko mzuri. Akaondoka.

Jumatano, 12 Machi

Naandika mchana kweupe, kwenye meza ya kukatia, na wao wako hapa hapa.

Walifika saa nne kamili. Gari mbili, vioo vyeusi. Walinzi wakabaki nje, chumba hakiwatoshi na ile cherehani ya pili, ya mke wangu. Ndani tukawa wanne: afisa, kamanda, mimi, na mama mkwe kwenye kigoda na penseli. Alimwamkia kamanda vizuri. Naye akamwitikia kwa adabu, akainama kabisa. Mama yake nadhani alimlea mtu.

Nikamwambia, "Inua mikono."

Akainua yote miwili.

Kinyozi alikuwa mlangoni kwake, anaona kila kitu kwenye dirisha langu. Akapiga kelele mtaa mzima usikie: "Jamani! Fundi kafanya kazi ya jeshi! Amejisalimisha!" Mtaa ukalipuka kwa kicheko. Afisa itifaki akatoka mbio kwenda kumnyamazisha.

Mama mkwe akainuka taratibu, akafunga mlango, akazungusha ufunguo. Akarudi kigodani.

"Kifua?"

"Thelathini na nne," nikasema.

Akaandika.

"Kiuno?"

"Ishirini na nane."

Akaandika. Halafu kwa sauti ile ile, macho kwenye karatasi: "Lori la sare za shule. Mwanangu mlimweka wapi?"

Mimi niliahidi. Yeye hakuna aliyemwahidisha.

Tepu ilikuwa bado kiunoni kwake, nikahisi pumzi yake inakatika. Nilidhani atashusha mikono. Hakushusha. Akamtazama mama, akanitazama mimi, akaona sare moja ya shule niliyoitundika ukutani.

"Wanawake walikuwa watatu siku ile," akasema. "Hawakuwekwa pamoja. Wako alivaa nini?"

Alivaa nini! Ananiuliza mimi!

Gauni la kijani, nikamwambia. Mikono mifupi. Kola nyeupe, ncha zake za duara, alisema za pembe zinamfanya mwalimu mkuu. Vifungo vitano mbele, vinne vyeupe na kimoja cha bluu, cha tatu kutoka juu, kwa sababu vyeupe viliisha na akanikataza kwenda dukani, akasema hicho ndicho watu watakitazama. Pindo inchi mbili. Mfuko upande wa kulia, kwa ndani, hauonekani. Nimesema mpaka aina ya uzi. Mama mkwe alikuwa anaandika yote, mstari kwa mstari, mwandiko mzuri, kama vipimo vya mteja.

Kamanda kafumba macho. Sijui anakumbuka au anatunga. Midomo inacheza kidogo, kama anahesabu miti.

Afisa anagonga. "Fundi! Mbona mlango? Kuna nini humo?"

"Anapimwa!" mama mkwe kamjibu.

Nimetoa daftari hili kwenye droo kwa sababu vidole vyangu vimekosa kazi, na sitaki kumgusa mpaka aseme. Kola yake imelowa. Mikono bado iko juu. Sijamwambia ashushe. Mama naye hajamwambia.

Afisa anagonga tena, sasa kwa ngumi. "Fundi, bado tu?"

"Bado," nimesema.