Simu Yangu Ilimkataza Mama Kula Pilau

Mama Mshauri wa redio, salamu nyingi. Nakuandikia nikiwa peke yangu dukani, nyumbani mke hayuko na kwa mama sitakiwi, unishike mkono kabla mambo hayajaharibika kabisa.

Mimi ni Nasif, fundi simu hapa Kasese, na kwa miezi mingi nimekuwa nikitengeneza programu ya simu ya kuhesabu kalori, yaani ile nguvu iliyomo kwenye chakula, maana zile za wazungu zinauliza vyakula ambavyo hapa hatujaviona hata kwa picha, tena zimejaa maandishi, nikasema yangu itakuwa ya watu wote, hata asiyejua kusoma, unabonyeza picha ya matoke au ya bundu, ule ugali wa muhogo, au ya samaki wa Kasenyi, na simu inakuambia kwa sauti umefika wapi, na sauti nilirekodi ya mke wangu Raihana, kwa sababu yangu inakwaruza na yake ni tamu, nikamwambia ni ya wateja tu.

Sasa mama yangu, Hajati Kulusum, anauza vitenge Bwera na ana ugonjwa wa sukari, daktari amesema apunguze wali na chai tamu, hasikii, basi siku ya Idi tukaenda kwake, Raihana akapika pilau, akapiga magoti akasema, "Karibu mama, ule ushibe," na mimi nikakaa pembeni nabonyeza picha kila mama anapochota, nikitaka wageni waone kazi yangu, sauti nimeipandisha mpaka mwisho, mara simu ikasema kwa sauti ya Raihana, "Tafadhali, inatosha. Umekula kupita kiasi."

Mama Kahambu, rafiki wa mama anayeleta bidhaa kutoka Butembo, akaacha kutafuna. "Eeh! Bibi ya mutoto yako anakukataza kula? Mu nyumba yako? Kwetu hii iko matusi!"

Mama akanawa mikono, akamwambia Raihana, "Kumbe unanihesabia matonge," na Raihana akalia, akaapa hajui kitu, hakuna aliyemwamini, na mimi nikanyamaza kwa sababu wageni walikuwa wengi. Sasa Raihana yuko kwa wazazi wake Muhokya, sokoni Bwera wanamwita Bi Kalori, na mama, ili kutuonyesha, anakunywa chai tamu na mandazi kutwa nzima, mguu umeanza kuvimba. Je, nipunguze sauti ya programu, au nirekodi upya kwa dada yangu Aminah? Na neno tafadhali niliweka, Mungu ni shahidi.

Nasif, Kasese

Nasif,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nikitafuta kiboko. Mama amevimba mguu, mke amerudi kwao, na wewe unaniuliza habari za sauti ya simu! Ukiipunguza, watasikia tusi la kunong'ona. Na huyo Aminah amekukosea nini hata naye umtafutie ugomvi?

Picha ni wazo zuri, hongera, maana asiyesoma naye ana tumbo. Lakini ulipima matoke, ukapima bundu, aibu ya mtu mzima mbele ya wageni wake hukuipima. Mama aliyekuzaa anakula sikukuu, wewe umekaa pembeni unabonyezabonyeza kama askari wa mpakani anayehesabu magunia. Hiyo tafadhali yako ipeleke sokoni uone itakununulia nini.

Halafu kuna neno umelipitisha harakaharaka ukidhani sitaliona. Ulinyamaza kwa sababu wageni walikuwa wengi? Mbona hawakuwa wengi ulipokuwa unajionyesha? "Mama, ni mimi," ungesema hivyo tu, yangeisha palepale. Ukamwacha mkeo alie. Wala usiniambie sauti yako inakwaruza. Ilikwaruza ulipomtongoza Raihana? Uliogopa kumwambia mama apunguze wali, ukamtia mkeo maneno hayo mdomoni bila yeye kujua. Mimi huo nauita woga wenye chaji.

Sasa sikiliza, afande. Kesho panda gari uende Bwera. Mkute mama palepale sokoni, mbele ya Mama Kahambu na hao wa Bi Kalori, useme kwa nguvu kwamba Raihana hakujua na kosa ni lako. Watakucheka, vumilia. Siku hiyohiyo mpeleke mama hospitali. Mguu wa mtu mwenye sukari haungoji fundi arekebishe programu. Ndipo uende Muhokya, na usiende mikono mitupu. Raihana akikataa kurudi, mwache apoe, kisha uende tena.

Programu iendeleze, watu wanaihitaji, ila futa sauti ya mkeo, na kila mtu aamue mwenyewe kama simu yake iseme au inyamaze. Kwa mama yako usiweke sauti yoyote. Kaeni wawili tu, umwambie kwa mdomo wako, "Mama, naogopa utakufa." Tangu daktari aseme, nyumbani kwenu hakuna aliyemwambia hivyo. Amesikia tu kwamba anakula sana.