Gazeti la Baba na Kofia ya Bwana Shauri

Jumamosi, 2 Desemba 2023
Mwalimu Dina ametunga igizo la Uhuru, linamhusu marehemu baba. Mwaka 1957 baba aliwasomea wachimbaji wa mgodi wa Mpanda gazeti la wapigania uhuru. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo kila mmoja alipewa habari moja aikariri. Gazeti likinyang'anywa, habari zinabaki vichwani. Kwa hilo baba alilala mahabusu.

Mimi nitakuwa baba. Nani mwingine? Jambo hili halihitaji kura.

Jumapili, 3 Desemba
Kura imepigwa. Baba ni Ambrosi kinyozi. Mimi ni Bwana Shauri — mzungu mkuu wa wilaya, aliyelipiga marufuku gazeti!

Dina, mwalimu mwenzangu, anasema sihitaji hata mazoezi. Ambrosi akawakumbusha watu kwamba niliwahi kumnyang'anya gazeti kanisani, tena misa haijaanza. Ni kweli. Lilikuwa la michezo.

Jumatano, 6 Desemba
Ambrosi anasoma kama mtu anayetafuta miiba kwenye samaki. Nimemwambia.

"Shikamoo, Bwana Shauri," akajibu. Wakacheka wote.

Kofia yangu ni bakuli la plastiki lililovishwa kitambaa cheupe. Linanuka vitunguu.

Kelvin, mlinzi wa shule, ndiye askari wangu. Nimemwagiza: ukimsikia mtu anasoma gazeti, kamata, peleka stoo, funga. Usiulize ni nani. Alirudia maagizo bila kukosea. Angalau mmoja ananisikiliza.

Ijumaa, 8 Desemba
Ambrosi hajakariri chochote. Eti wateja wa sikukuu ni wengi.

Mimi ninazo habari zote, za kila mchimbaji. Baba alinikaririsha nikiwa mtoto, baada ya sala ya jioni. Hakuna aliyeniuliza.

Jumamosi, 9 Desemba
Naandika nikiwa stoo, juu ya gunia la mahindi.

Uwanja wa shule ulijaa. Niliingia, nikalinyang'anya gazeti, nikangoja Ambrosi akariri. Akapapasa mifuko yake, hakuna karatasi.

"Kinyozi, umemeza wembe?" mama mmoja akauliza.

Nikamnong'oneza maneno ya kwanza. Hakusikia. Nikarudia. Watu wa nyuma wakataka niongeze sauti. Basi nikalifungua gazeti na kuisoma habari ya kwanza yote — bakuli kichwani — pole pole, kama baba. Walisimama. Hata wazee.

Kelvin akanishika mkono.

"Kelvin, ni mimi."

"Ulisema nisiulize ni nani, Mwalimu."

Amefunga, amekwenda kwenye pilau na ufunguo.

Huko nje wanaikariri habari niliyoisoma. Mmoja akisahau, mwingine anamalizia. Wameruka sentensi nzima. Nilisimama niwasahihishe, nikakaa tena. Nimevua bakuli.

Sasa Ambrosi yuko chini ya dirisha. Anauliza habari ya pili inaanzaje — ananiita baba. Funguo za Kelvin zinalia kwa mbali, zinakuja.

Nina muda wa habari moja.