Nimekipata cha Kufuata

Binti yangu,

Chakula kiko kwenye sufuria, kipashe moto. Anua nguo, mawingu hayo.

Asubuhi ulinuna mpaka chai ikapoa, eti manga yako, hicho kitabu cha katuni za Kijapani, imeisha na hakuna hadithi nyingine ya mapenzi kama ile. Nilipouliza ina nini hasa, ukasema, "Mama, wewe huwezi kuelewa." Iliniuma.

Basi kabla ya zamu nimepita duka la vitabu. Muuzaji akaniletea ya watu wanaobusiana ukurasa wa kwanza. Nikamwambia hapana, wangu anataka mvulana mkimya, msichana mwenye mdomo, na washikane mikono pale msomaji ameshakata tamaa. Akacheka, akapanda kiti, akashusha viwili vya mfululizo mmoja. Cha kwanza ndicho hiki nilichokandamizia karatasi.

Nimejuaje? Vyako nimevisoma vyote ukiwa shule. Na najua vinasomwa kuanzia ukurasa wa nyuma, usinifundishe.

~~Osha vyombo kwanza, ndipo usome.~~ Soma. Vyombo havikimbii.

Cha pili usikitafute. Nimeenda nacho kazini.

Mama asiyeelewa