Daraja Analolisikiliza Mume Wangu

Jumapili, katikati ya Aprili 2012. Malvern, ughaibuni.

Theluji imeisha na jua limetoka, ingawa si jua la kumfanya mtu avue koti. Mimi nimenuna tangu mchana.

Nina wivu. Ingekuwa mwanamke mwenzangu, afadhali, ningejua pa kuanzia. Ni daraja.

Tukirudi kutoka kanisani Pickering, mume wangu, Baba Neema, aliegesha gari kwenye kijibarabara kinachopita chini ya barabara kuu, akashuka na nyundo. Jumapili, tena akiwa na suti. Kazi yake ni kukagua madaraja, na msimu huu, wenzake wanapoyaosha chumvi iliyomwagwa barabarani kuyeyusha barafu miezi yote ya baridi, hashikiki.

Tulimfuata, mimi na binti yetu Neema. Aligonga nguzo, akatega sikio, akagonga tena pembeni kidogo. Akatueleza, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu uchumba wetu, kwamba maji ya chumvi hupenya kwenye nyufa ndogondogo za zege mpaka yakazifikia nondo za chuma zilizomo ndani. Nondo zikishika kutu huvimba, zikalipasua zege kutoka ndani. Ukisubiri vipande vianze kuanguka umechelewa, na daraja halimalizi umri wake. Ndiyo maana wanaliosha, wanaziba maungio yanayovuja, na yeye anagonga. Zege zima hulia kwa ukali. Lililopasuka ndani hutoa sauti ya debe tupu.

Akaweka kiganja juu ya ile nguzo, taratibu, akakiacha pale.

Neema anaelewa Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza. Aliniangalia usoni, akaninong'oneza, "Mom, are you jealous of a bridge?"

Nikamwambia aingie garini.

Ndiyo, nalionea wivu. Baridi nzima nimemweleza huyu bwana kwamba mama yangu anaumwa huko Morogoro, naye anaitikia "mm" huku macho yakiwa kwenye picha za nyufa. Hajaniuliza mimi naendeleaje. Nimeanza kufikiria kwenda kumuuguza mama, na nikishafika nisirudi tena. Hilo sijamwambia mtu.

Jioni nilikuwa nachambua mchele. Mchele wa huku hauna mawe, lakini mkono umezoea. Akaja jikoni, akavuta kiti.

"Mama Neema, tangu tutoke kanisani umenyamaza. Kuna nini?"

Swali lenyewe ndilo hilo. Nililolingoja baridi nzima.

Nikamjibu, "Hakuna kitu. Niko sawa."

Hakuinuka. Aliinamisha kichwa upande, vilevile kama alivyofanya pale kwenye nguzo, akaninyang'anya ungo kwa upole. Akaanza kutafuta mawe ambayo hayapo.

Amesikia ile sauti ya debe tupu. Kesho atauliza tena, namjua.

Je, nitamwambia?